Vidonge vya usingizi: unalala, au unazimwa?

Leo tuongelee kitu ambacho tunakichukulia poa kuliko kinavyostahili: vidonge vya usingizi.

Nasema tunakichukulia poa kwa sababu ukishikwa na bangi mtaa mzima utajua na mama atalia. Lakini mtu akitoa Valium mfukoni pale geto, usiku wa kuamkia mtihani, wenzake wanamwambia "nigawie na mimi kimoja mwanangu". Si dawa ya hospitali bwana, itakuwa na ubaya gani? Madereva wa safari ndefu wanaitumia wakishashusha mzigo. Walaji wa mirungi wanaitumia kushusha stimu alfajiri. Dada anayefanya shifti za usiku anaitumia ili alale mchana wakati watoto wa jirani wanapiga kelele.

Kisheria, hapa Tanzania na hata kwa jirani zetu Kenya, dawa hizi ni za cheti cha daktari. Kiuhalisia sote tunayajua maduka ambayo ukisema "nipe za usingizi" muuzaji anakukatia vinne, anafunga kwenye karatasi, anakurudishia chenji. Hakuulizi umri, hakuulizi unameza dawa gani nyingine, hakuulizi kama una mimba. Na ile karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo inabaki ndani ya boksi, nyuma ya kaunta. Kwa hiyo chukulieni makala hii kuwa ndiyo ile karatasi, pamoja na mambo ambayo karatasi yenyewe haisemi.

Tuanze na kinachotokea kichwani.

Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa GABA. Kazi yake ni kama breki: inapunguza kasi ya seli za ubongo kupashana habari. Valium, ambayo jina lake la kidaktari ni diazepamu, haileti GABA mpya. Inaifanya ile iliyopo ikanyage breki kwa nguvu zaidi. Ndugu zake wa ukoo wa benzodiazepini (lorazepamu, nitrazepamu, temazepamu, alprazolamu, na ile Rohypnol yenye sifa mbaya) wanafanya kazi hiyo hiyo. Halafu kuna wadogo zao walioingia sokoni miaka ya 1980 na 1990, wanaitwa dawa za Z: zolpidemu, zopikloni, zaleploni. Hizi zilikuja na sifa kwamba ni za kisasa na nyepesi. Zinakanyaga pedali ile ile.

Sasa shida ni kwamba breki hii haichagui. Inashika sehemu inayokuweka macho, lakini inashika pia kumbukumbu, mizani ya mwili, uamuzi, na ikizidi, hata pumzi. Ndiyo maana nimeuliza pale juu kama unalala au unazimwa. Usingizi wa kawaida una hatua zake. Kuna ule mzito ambao mwili unajijenga, na kuna ule wa ndoto ambao ubongo unapanga mambo ya mchana. Benzodiazepini zinakufikisha kitandani haraka, halafu zinapunguza hatua hizo mbili. Unaamka umelala saa nane, ila kichwa kizito kama uliyekesha.

Na hata hiyo haraka yenyewe msiipe sifa sana. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio ambayo makampuni yenyewe yaliyakabidhi serikalini Marekani kuhusu dawa za Z. Walipowapima watu kwa mashine wakiwa wamelala, waliomeza dawa walipata usingizi dakika 22 mapema kuliko waliomeza vidonge bandia visivyo na dawa ndani. Dakika ishirini na mbili, jamani. Ukisubiri daladala jioni pale Mwenge unazimaliza hizo kabla hujapata hata mlango wa kugombania.

Kwa wanafunzi kuna hili moja, na ningeomba mlisome mara mbili. Dawa za kundi la Valium zinazuia ubongo kuandika kumbukumbu mpya. Madaktari wanalijua hilo na wanalitumia: mtu anayekwenda kuingizwa mpira wa kamera tumboni huchomwa midazolamu, ambayo ni ndugu wa Valium, na moja ya faida zake ni kwamba baadaye hakumbuki yaliyompata. Wewe unameza saa mbili usiku "kutuliza presha", halafu unafungua daftari usome mpaka saa sita. Unajua unachokifanya? Unaandika ubaoni huku mwenzako anafuta nyuma yako.

Sasa tuje kwenye asubuhi, maana hapa ndipo watu wengi hawafikirii kabisa.

Kila dawa ina muda ambao mwili unachukua kuondoa nusu yake. Zolpidemu ni kama saa mbili na nusu tu. Diazepamu ni siku moja mpaka mbili, na mwili ukishaivunja, kile kinachobaki nacho ni dawa inayofanya kazi, na chenyewe kinakaa muda mrefu zaidi. Kwa lugha nyepesi: ukimeza Jumatatu usiku, Jumanne usiku unapomeza tena unaweza kuwa bado na karibu nusu ya ile ya jana. Ikifika Ijumaa unatembea na mzigo wa wiki nzima, wakati wewe unajua umemeza "kimoja tu". Halafu uko kwenye bodaboda, umepakia abiria, unaingia barabara kuu.

Hata zile zinazotoka haraka zina kisa chake. Zolpidemu iliruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa jina la Ambien. Dozi ya kawaida ilikuwa miligramu 10, mwanamume sawa na mwanamke. Mamilioni ya watu wakaimeza. Januari 2013, yaani miaka 20 baadaye, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatangaza kwamba dozi ya wanawake ikatwe nusu, iwe miligramu 5. Kisa? Saa nane baada ya kumeza miligramu 10, karibu wanawake 15 katika kila 100 walikuwa bado na kiasi cha dawa kwenye damu kinachoweza kumfanya mtu asiwe salama kuendesha gari. Kwa wanaume ilikuwa watu 3 katika 100. Mwili wa mwanamke unaiondoa taratibu zaidi. Sasa jiulize hao akina mama waliokuwa wakiamka, wanawapeleka watoto shule kwa gari, kwa miaka 20, na hakuna aliyewaambia. Hiyo ni Marekani, penye daktari, cheti na mfamasia. Muuzaji wako wa mtaani anayekukatia vinne atakuambia?

Kuna jambo lingine la dawa za Z ambalo ukilisikia unadhani ni sinema. Mtu analala, halafu anaamka bila kuamka. Anapika. Anapiga simu. Anatoka nje. Anawasha gari anaendesha. Asubuhi hana habari kabisa.

Mei 2006 mbunge wa Marekani Patrick Kennedy (mtoto wa seneta Edward Kennedy, ukoo ule ule wa Rais Kennedy) aligonga kizuizi na gari lake karibu na jengo la Bunge mjini Washington, usiku wa manane, karibu saa tisa. Aliwaambia polisi kwamba anawahi kupiga kura bungeni. Saa tisa usiku! Baadaye alisema alikuwa amemeza Ambien pamoja na Phenergan, na kwamba hakumbuki hata kutoka kitandani. Phenergan mnaijua. Ni ile prometazini ambayo huku kwetu watu wanapewa kwa kutapika na kuwashwa. Nayo inalaza.

Yeye alitoka salama. Wengine hawakutoka. Aprili 2019 FDA iliziwekea zolpidemu, zaleploni na eszopikloni onyo kali kuliko yote, lile la kwenye kisanduku cheusi. Walikuwa wamekusanya taarifa za matukio 66 mazito ya watu waliofanya mambo usingizini baada ya kumeza dawa hizi, na 20 kati yao walifariki. Kuna waliozama maji, kuna walioanguka, kuna waliovuta gesi yenye sumu, kuna walioendesha magari wakagonga, kuna waliokufa kwa baridi nje. Na wapo yaliyowapata baada ya kumeza kidonge kimoja tu, kwa dozi ndogo kabisa. Matukio 66 kwa dawa iliyomezwa na mamilioni ni machache, sikatai. Ila huwezi kujua mapema kama wewe ni wa mamilioni au wa 66, na kwa yule ambaye imeshamtokea hata mara moja, maelekezo ni kwamba asiiguse tena.

Haya, kuchanganya.

Hapa ndipo watu wanapokufa zaidi. Valium peke yake kwa mtu mzima mwenye afya ni mara chache kuua. Watu wanalijua hilo, wanajipa moyo nalo, halafu wanaiweka juu ya Konyagi. Pombe nayo inakanyaga breki ile ile ya GABA. Tramadoli, ile mnayoita "tramol" na mnayoimeza kama karanga, pamoja na dawa za kikohozi zenye kodeini, zinapunguza pumzi kwa njia nyingine kabisa. Ukiziweka pamoja kila moja inaiongezea mwenzake uzito. FDA iliweka onyo la kisanduku cheusi kwa mchanganyiko huo wa benzodiazepini na dawa za ukoo wa morfini mwaka 2016. Mtu haoni maumivu, hapigi kelele. Anapumua taratibu, taratibu zaidi, halafu basi.

Wote tunakumbuka tulipokuwa tarehe 25 Juni 2009 zilipokuja habari za Michael Jackson. Wengi tunajua tu kwamba "alichomwa sindano na daktari wake". Kilichomuua hasa kilikuwa propofoli, dawa ya nusu kaputi ambayo inapaswa kutolewa penye mashine na mtaalamu wa usingizi. Lakini someni usiku ule ulivyokwenda, kwa maelezo ambayo daktari Conrad Murray mwenyewe aliwapa polisi. Jackson alikuwa anafanya mazoezi ya maonyesho ya London na hakuwa akipata usingizi. Saa saba na nusu usiku: Valium, kidonge kimoja. Hajalala. Saa nane: lorazepamu ya sindano. Hajalala. Saa tisa: midazolamu. Saa kumi na moja: lorazepamu tena. Saa moja na nusu asubuhi: midazolamu tena. Saa nne na dakika arobaini asubuhi ndipo ikaja propofoli, na wakati huo zile zote za usiku zilikuwa bado mwilini. Uchunguzi wa maiti ulitaja propofoli kuwa chanzo, na benzodiazepini kuwa zilichangia. Murray alihukumiwa miaka minne mwaka 2011.

Mtu mwenye pesa zote zile, na shida yake usiku ule ilikuwa usingizi tu. Na angalieni mwendo wenyewe: ya kwanza haikufanya kazi, ongeza, haijafanya kazi, ongeza nyingine. Mwendo huo haukuanzia Los Angeles na haukuishia huko. Hata hapa geto mtu akiona kimoja "hakijapanda" anaongeza cha pili na bia.

Ukikuta mwenzako amezidisha, ishara ni hizi: anakoroma kwa sauti ya ajabu kama anagugumia maji, ukimtikisa na kumwita kwa nguvu haamki, pumzi ziko mbalimbali, midomo au kucha zinakuwa za bluu au kijivu. Usimwache "alale imtoke". Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, itisha usafiri, na kaeni naye mkihesabu pumzi. Usimnyweshe maziwa. Najua ndiyo kitu cha kwanza kila jirani atakuambia, lakini mtu aliyezimika akinyweshwa kitu kinaingia kwenye mapafu. Usimlazimishe kutapika, kwa sababu hiyo hiyo. Akiacha kupumua, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia kama unajua, huku mnakimbia hospitali. Na beba pakiti, au kidonge chochote kilichobaki, muoneshe daktari. Usione aibu kusema ukweli alichokunywa, daktari si polisi.

Kuna kundi ambalo halihitaji hata kuchanganya. Mtu anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini yuko hatarini kwa kidonge kimoja tu. Mama mjamzito akizitumia karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa amelegea na anapumua kwa shida. Na wazee. Jamani wazee! Bibi analalamika halali, mjukuu mwema anamletea Valium kutoka mjini. Bibi anaamka usiku kwenda chooni, mguu haumshiki, anaanguka, nyonga inavunjika. Nyonga ikivunjika kwa mtu wa miaka 75 mara nyingi ndiyo safari ya mwisho ya kutembea. Au anaanza kuchanganyikiwa, anaita watu waliokufa, familia inaanza kutafuta mchawi.

Sasa arosto.

Watu wakisikia neno hilo wanafikiria unga tu. Ila ukimeza benzodiazepini kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo unazoea kwamba breki inakanyagwa na mtu mwingine, unaanza kukanyaga mafuta zaidi ili kusawazisha. Siku dawa ikikosekana, mafuta yanabaki yenyewe. Moyo unakwenda mbio, jasho, mikono inatetemeka, mwanga na kelele vinaumiza, na usingizi unapotea kuliko hata ulivyokuwa kabla hujaanza. Kwa aliyetumia nyingi au kwa muda mrefu inaweza kuleta degedege la mtu mzima, na degedege hilo linaua. Kwa hili arosto ya Valium inatisha kuliko ya heroini. Ya heroini inatesa vibaya mno lakini kwa kawaida haileti degedege.

Na mtego wenyewe uko hapa. Mtu ametumia miezi miwili, anaamua kuacha, usiku wa kwanza anakesha macho makavu. Anasema: "Mnaona? Mimi bila dawa silali." Anarudia. Hajui kwamba kile kilichomkesha ni kukosa ile dawa, na kingepungua chenyewe kama angeshuka polepole. Miaka inapita hivyo.

Hili halijagunduliwa jana. Valium iliingia sokoni Marekani mwaka 1963, ikasifiwa kuwa ni mbadala salama wa barbituriti, zile dawa za usingizi ambazo mwaka mmoja nyuma zilikuwa zimemuua Marilyn Monroe. Ikawa dawa inayoandikwa kuliko zote Marekani miaka ya 1970. Januari 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ikawaambia madaktari: wiki mbili mpaka nne, basi. Ndipo dawa za Z zikaja nazo zikasifiwa kuwa mbadala salama wa Valium. Wakubwa zetu wanakumbuka pia Mandrax. Nayo ilianza kama kidonge halali cha usingizi, ikaishia kuwa bidhaa ya magendo kutoka huku mpaka Afrika Kusini. Kila kizazi na "salama" yake.

Kwa hiyo kama wewe unayesoma hapa umeshatumia kila siku kwa mwezi au zaidi, tafadhali USIACHE LEO kwa hasira baada ya kusoma makala. Profesa Heather Ashton aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 mpaka 1994, alifundisha kushuka kidogo kidogo. Siku hizi madaktari wengi wanapunguza kama asilimia 5 mpaka 10 kila baada ya wiki mbili mpaka nne, na mwili ukigoma unasimama hapo kwanza kabla ya kushuka tena. Inaweza kuchukua miezi. Nenda hospitali ya mkoa au ya rufaa yenye kliniki ya afya ya akili, waambie unameza nini, kiasi gani, tangu lini.

Kuna wale mtasema: mimi situmii Valium, natumia Piriton tu. Ndiyo, ile ya mafua. Haina arosto ya degedege, lakini usingizi wake mwili unauzoea ndani ya siku chache tu, ukibaki na mdomo mkavu na uzito wa asubuhi. Kwa mzee inaweza kumletea kuchanganyikiwa kama nilivyosema juu. Ni dawa ya mzio, iacheni ifanye kazi yake.

Jambo lingine: je, hicho ulichouziwa ni Valium kweli? Mwishoni mwa 2014 na kuingia 2015, huko Ituri, mashariki ya Kongo, kwa ndugu zetu Waswahili wa Bunia na vijiji vyake, watu walianza kufika hospitali shingo zimepinda, macho yamegeukia juu, ulimi umetoka nje, uso umekakamaa. Wakiwemo watoto wengi. Madaktari walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Wagonjwa wakafika mamia. Vipimo vya maabara vilipokuja, ikaonekana wana haloperidoli mwilini, ambayo ni dawa nzito ya magonjwa ya akili. Walikuwa wameitoa wapi? Kwenye vidonge vilivyoandikwa diazepamu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari mwaka 2015. Wale hawakuzidisha dozi wala hawakuchanganya na pombe. Walimeza kile ambacho kopo lilisema. Kidonge kilichokatwa kikafungwa kwenye karatasi hakina jina, hakina namba, hakina tarehe ya mwisho. Hata kopo halipo la kulisoma.

Na ukarimu wa safarini mnaujua. Kenya wanaita "mchele", pwani ya kule Rohypnol imebandikwa jina la bugizi. Huku kwetu ni biskuti au juisi ya msafiri mwenzako kwenye basi, unaamka Ubungo huna simu wala viatu. Wengine, hasa dada zetu, wameibiwa zaidi ya simu. Ni dawa hizi hizi tunazogawiana geto. Mtengenezaji wa Rohypnol aliongeza rangi ya bluu ili kinywaji kibadilike, lakini rangi hiyo haimo kwenye kila kidonge kinachozunguka mitaani, na kwenye soda nyeusi utaionaje?

Haya, utaniuliza: sasa mimi ambaye kweli silali nifanye nini?

Kwanza tafuta kinachokukesha. Kinywaji cha kuongeza nguvu ulichokunywa saa kumi jioni bado kiko kazini saa nne usiku. Mirungi vilevile. Prednisoloni, baadhi ya dawa za pumu, na dolutegraviri iliyomo kwenye ARV za siku hizi zinaweza kuondoa usingizi, na wakati mwingine kubadilisha tu saa ya kumeza kunatosha, ila muulize anayekupa dawa kwanza. Kuamka saa tisa usiku kila siku ukiwa na mawazo mazito, huna hamu ya kitu, ni dalili ya sonona, na sonona ina matibabu yake. Kama mawazo hayo yanafika kwenye kujidhuru, mwambie mtu leo hii, na vidonge visikae chumbani kwako.

Pili, ipo tiba ambayo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu aanze nayo kabla ya kidonge chochote. Haiuzwi dukani. Unaamka saa ile ile kila siku, Jumapili ikiwemo, hata kama ulilala saa kumi alfajiri. Hulali mchana. Kitandani huendi mpaka usingizi ukukamate, na ukikaa macho kama dakika ishirini unaondoka, unakaa kwenye kiti, taa ndogo, simu mbali, mpaka ukukamate tena. Unapunguza saa za kukaa kitandani zilingane na zile unazolala kweli, halafu unaongeza taratibu. Wiki ya kwanza ni noma, nawaambia ukweli, utasinzia mchana, kwa hiyo dereva na mwenye kifafa wasijaribu hicho cha kupunguza saa bila daktari. Kufikia wiki ya nne mpaka ya sita wengi wanaona tofauti, na haikatiki siku pesa zikiisha.

Na kuna siku daktari mwenyewe ataona kidonge kinafaa: msiba mzito, usiku wa kabla ya upasuaji. Sawa kabisa. Diazepamu ni dawa muhimu, inaokoa watoto wenye degedege kila siku katika hospitali zetu. Ukiandikiwa, muulize ni kwa siku ngapi na nitaachaje, mtajie kila kitu kingine unachokunywa pamoja na pombe, na mwombe mfamasia akupe na ile karatasi ya kwenye boksi.